MALI YA UMMA INA MWENYEWE: SOMO LA AMANA NA HESABU



  

 Mwaka huu tumechagua somo ambalo kila mtu hulizungumza barazani lakini ni wachache wanaolifundisha darasani. Nalo ni amana ya mali ya umma na wajibu wa kuitolea hesabu. Tukipita mitaani Kilwa Masoko, Kivinje au Lindi mjini, tunasikia watu wakisema kwamba mali ya umma haina mwenyewe. Somo hili lina kusudio moja: kuonesha kwamba neno hilo si kweli, na kwamba mali ya umma ina wenyewe wengi kuliko mali nyingine yoyote.

Baada ya somo hili mwanafunzi aweze:
(a) Kueleza maana ya amana na mahali mali ya umma inapoingia ndani yake.
(b) Kutaja mafunzo ya Qur'ani na Sunna kuhusu hesabu na zawadi za cheo.
(c) Kueleza yaliyoipata misitu ya Kilwa na jirani zake, na namna baadhi ya vijiji vilivyojirekebisha.
(d) Kutofautisha baina ya kuuliza hesabu na kumvunjia mtu heshima.

1. AMANA NI NINI?

Amana ni kitu cha mwingine kilicho mikononi mwako. Mwenzako akikuachia baiskeli yake akaenda kuswali, ile ni amana. Mzazi akikutuma dukani, chenji ni amana. Kwa kipimo hicho hicho, dawa za zahanati, chaki za shule, maji ya bomba la kijiji, ushuru wa soko la samaki na miti ya msituni ni vitu vya wengine vilivyo mikononi mwa wachache.

Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, ametuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, na papo hapo akatuamrisha kuhukumu kwa uadilifu. Wanavyuoni wamezingatia kwamba mambo haya mawili yamewekwa pamoja, kwa sababu anayetawala watu naye ameshika amana. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Hakumtoa mtu yeyote katika kanuni hiyo. Kiongozi ametajwa, baba ametajwa, mama ametajwa, na mtumishi ametajwa.

Tofauti ya mali ya mtu mmoja na mali ya umma ni hii. Ukimwibia mtu mmoja, unamjua, na ukitubu unaweza kumfuata ukamrudishia na kumwomba radhi. Ukiiba dawa ya zahanati, je, utamfuata nani? Utamtafuta kila mama aliyerudi na mtoto wake mwenye homa bila dawa? Ndiyo maana tunasema mali ya umma ni nzito zaidi. Wenye haki ni wengi, na wengine hutawajua mpaka Siku ya Kiyama.

2. "HII NI YENU, NA HII NI YANGU"

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kwenda kukusanya zaka. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili. Fungu moja akasema ni la Waislamu, na la pili akasema yeye amepewa zawadi. Mtume (S.A.W.) alipanda juu ya mimbari, akamhimidi Mwenyezi Mungu, kisha akauliza mbele ya watu: kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, tukaona kama zawadi hizo zingemfikia?

Swali hilo ni mizani tosha. Kila anayepewa kitu akiwa kazini ajiulize: lau ningekuwa nimekaa kwetu, sina kalamu wala muhuri, huyu angeniletea? Kama jibu ni hapana, basi kilicholetwa hakikuletwa kwake, kimeletewa cheo, na cheo ni cha watu.

Katika nchi yetu watu wameyapa mambo haya majina ya kuyapamba. Wengine huita chai, wengine kitu kidogo, wengine ahsante. Hata sheria za uchaguzi za mwaka 2000 ziliruhusu kitu kilichoitwa takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2006 kwamba jambo hilo ni kinyume cha Katiba. Tunajifunza hapo kwamba jina zuri halibadilishi kilichomo ndani ya bahasha.

Wala tusidanganyike kwamba kidogo hakihesabiwi. Baada ya vita vya Khaybar alikufa mtumishi mmoja, na watu wakamtakia heri ya shahada. Mtume (S.A.W.) akawaambia kwamba shuka aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawanywa inamuwakia moto. Mtu mmoja aliposikia hayo alikwenda akarudisha kamba ya kiatu, na Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa hiyo nayo ingekuwa kamba ya moto. Ikiwa hiyo ni kamba ya kiatu, vipi lori zima la mbao?

3. FUNGU LILILOTENGWA KATIKA KILWA YA ZAMANI

Somo hili si geni katika ardhi yetu. Mwaka 1331 msafiri maarufu Ibn Battuta, mwenyeji wa Tangier, alifika Kilwa Kisiwani. Alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake. Msafiri huyo ameeleza kwamba Sultani alikuwa akiitenga sehemu ya tano ya ngawira kama Qur'ani ilivyoelekeza, akaiweka katika hazina yake mbali, na masharifu walipomjia akawapa kutoka humo. Ngawira yenyewe ilitokana na mashambulizi dhidi ya watu wa bara, na hilo nalo lina hesabu yake mbele ya Mola. Hapa tunachukua jambo moja tu, nalo ni kutenga. Mali ya wenye haki haikuchanganywa na mali ya mfalme.

Lakini Ibn Battuta ameandika pia kilichofuata. Baada ya kufa Sultani huyo alitawala ndugu yake, Daud, naye alikuwa kinyume chake. Mwombaji akimjia humwambia kwamba aliyekuwa akitoa amekwisha kufa na hakuacha cha kutolewa.

Ndugu mwanafunzi, hebu fikiri hapo. Haki ya watu ilikuwa imefungwa kwenye moyo wa mtu mmoja. Moyo ule ulipozikwa, haki nayo ikazikwa. Tunaomba dua tupate viongozi wema, na dua hiyo ni njema. Hata hivyo haitoshi kuwa na mtu mwema, kwa sababu mtu mwema atakufa, au atahamishwa, au atajaribiwa akashindwa. Panatakiwa utaratibu utakaobaki baada yake.

4. MAGOGO YALIYOVUKA DARAJA

Sasa tuje kwenye zama zetu. Wazee wanakumbuka shida ya kivuko cha mto Rufiji, ambapo abiria wa kusini waliweza kulala njiani wakisubiri pantoni. Mwaka 2003 lilifunguliwa daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Ilikuwa neema kubwa kwa mikoa ya Lindi na Mtwara. Lakini kila neema ina mtihani wake. Njia iliyomrahisishia mgonjwa kufika Muhimbili ilimrahisishia pia mfanyabiashara wa magogo kufika bandarini.

Misitu ya Rufiji, Kilwa, Liwale na Lindi ikaanza kukatwa kwa kasi. Mninga, mkongo, mpingo na miti mingine ilipakiwa ikaondoka. Serikali ilitoa makatazo, na bado magogo yakapita. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea pori, lilitoa ripoti ndefu juu ya mambo hayo. Ripoti ilieleza kwamba katika ngazi ya wilaya mapato yaliyopotea yaliweza kufikia asilimia 96 ya yale yaliyostahili kukusanywa. Ilikadiria kwamba nchi nzima ilikuwa ikipoteza hadi dola milioni 58 za Marekani kwa mwaka. Na ilipolinganisha vitabu, ilikuta kwamba mbao zilizoandikwa China kuwa zimeingia kutoka Tanzania zilikuwa mara kumi ya zile zilizoandikwa Tanzania kuwa zimetoka.

Tusimame kidogo katika jambo hilo la mwisho. Tuseme magogo kumi yameingia kule na hapa limeandikwa moja. Yale tisa hayakuruka angani. Yalikatwa na watu wenye mashoka, yakapakiwa katika malori, yakapita katika vizuizi vya barabarani vyenye walinzi, yakafika bandarini na kupakiwa melini. Kila mahali palikuwa na mtu mwenye daftari aliyepaswa kuandika. Mmoja aliangalia pembeni, mwingine aliandika pungufu, mwingine alipokea ahsante. Pengine hakuna hata mmoja wao aliyejiona mwizi, maana kila mmoja alichukua kidogo. Hivyo ndivyo mali ya umma inavyoondoka.

Na aliyepata hasara ni nani? Ni kijiji kilichouona msitu wake ukiondoka kikabaki na vumbi la malori. Ni mtoto anayesoma chini ya mwembe wakati mbao za madawati zimepita mbele ya macho yake. Ni watoto ambao hawajazaliwa, kwa sababu mpingo huchukua miaka 70 mpaka 100 kukomaa. Anayekata mpingo leo bila mpango anakula amana ya wajukuu, na wajukuu hawawezi kuja mkutanoni kulalamika.

5. VIJIJI VILIVYOSHIKA DAFTARI

Hata hivyo habari za Kilwa haziishii hapo. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 iliruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi ndani ya ardhi yake, kikausimamia chenyewe na kufaidika na mapato yake. Kwa kusaidiwa na mradi wa uhifadhi wa mpingo wenye makao yake Kilwa Masoko, vijiji kadhaa vya wilaya ya Kilwa vilifuata njia hiyo. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa uadilifu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji katika Afrika. Baadaye vijiji vingine viliingia, kikiwemo Nanjirinji, na fedha za mbao zikasaidia mahitaji ya watu kama maji, elimu na afya.

Je, watu wa Kikole walikuwa malaika? Hapana. Ni watu kama sisi. Lililobadilika ni utaratibu. Kwanza, kijiji kilijua mipaka ya msitu wake na miti iliyomo. Pili, kiwango cha kuvuna kiliwekwa katika mpango na kuandikwa. Tatu, kamati ya maliasili ilichaguliwa na wanakijiji wenyewe, ikafanya doria, na ikawajibika kwao. Nne, mti ukikatwa, gogo hutiwa alama na kisiki chake hutiwa alama, ili gogo likikutwa popote liweze kurudishwa kwenye kisiki chake. Kisiki kikawa shahidi asiyehongeka.

Ndugu mwanafunzi, unajua aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ipi? Si aya ya vita, wala ya mirathi, wala ya hija. Ni aya ya 282 ya Suratul-Baqarah, nayo inahusu kuandika madeni. Humo Mwenyezi Mungu (S.W.) ameamrisha deni liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na tusichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Aya hii iliwashukia masahaba, watu waaminifu kuliko sisi. Kama wao waliambiwa waandike, sisi ni nani tuseme kwamba tunaaminiana?

6. MUHALI, NA YALIYOTUPATA SISI WENYEWE

Hapa tunafika kwenye ugonjwa wetu watu wa pwani. Ugonjwa huo ni muhali. Mhazini wa kijiji ni mjomba. Mwenyekiti alitusaidia msibani. Mtendaji ni shemeji wa jirani. Tutamuulizaje fedha za kisima ziko wapi? Tunaona muhali, tunanyamaza mkutanoni, kisha tunakwenda kusema barazani asipokuwepo. Hivyo tunafanya makosa mawili kwa mkupuo: tumeacha wajibu wa kuuliza, na tumeingia katika dhambi ya kusengenya.

Tutasema yetu ili wengine wajifunze. Miaka iliyopita, sisi walimu tulikuwa katika madrasa moja ambayo paa lake lilivuja. Wazazi walichanga fedha za mabati kidogo kidogo, wengine waliuza korosho, wengine ufuta, wengine mkeka. Mwenzetu mmoja ndiye aliyezishika. Alikuwa mtu mchamungu, na kwa sababu hiyo hakuna aliyethubutu kumwomba daftari. Tuliona kumuomba daftari ni kumtuhumu. Siku moja aliugua ghafla, na kabla ya wiki kwisha akafariki. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Baada ya matanga tulikwenda kwa mjane wake. Katika kasha palikutwa fedha, lakini hakuna karatasi hata moja. Haikujulikana ipi ni ya mabati na ipi ni ya nyumba yake. Kiasi kile kilikuwa pungufu ya walichodhani watu kuwa kimechangwa, lakini nani alijua hasa kilichangwa kiasi gani? Maneno yakaanza kupita mtaani. Yule mama aliyasikia. Bado yumo ndani ya eda, alimtuma kaka yake akauza cherehani yake na kitanda, akatuletea fedha msikitini, akasema hataki mumewe alale na deni.

Tulizipokea, na mabati yakapigwa. Mpaka leo mvua ikinyesha juu ya paa lile tunakumbuka. Hatuamini kwamba mwenzetu yule alikula kitu. Aliyekosa ni sisi. Lau tungemuuliza daftari kila mwezi, angekufa na heshima yake kamili, na mjane wake angebaki na cherehani yake. Tulidhani tunamheshimu, kumbe tulimwacha bila shahidi. Kuuliza hesabu kunamlinda mwaminifu kabla ya kumkamata mwizi.

Na hili tumelikuta katika mwenendo wa wema waliotangulia. Watu wa Kufa walipomlalamikia gavana wao, Saad bin Abi Waqqas, Sayyidna Umar (R.A.) hakusema kwamba huyu ni sahaba mkubwa, mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo, basi asiguswe. Alituma watu wakauliza habari zake msikiti kwa msikiti. Takriban wote walimsifu. Umar (R.A.) alimuondoa katika kazi hata hivyo, kisha karibu na kufa kwake akamtaja miongoni mwa watu sita wanaofaa kuchaguliwa ukhalifa, na akabainisha kwamba hakumuondoa kwa udhaifu wala kwa khiyana. Basi kama Saad (R.A.) aliulizwa na heshima yake ikabaki, nani katika viongozi wetu, au katika sisi walimu wa madrasa, aliye mkubwa kiasi cha kutoulizwa?

7. KUBEBA DHAMANA

Kuna daraja nyingine juu ya kutoiba, nayo ni kukubali dhamana ya yaliyotokea chini yako. Mfano wa karibu ni wa marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi. Alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, katika miaka ya 1970, watuhumiwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga waliteswa na wengine wakafa mikononi mwa watumishi wa vyombo vya dola. Yeye hakumgusa mtu, wala hakutoa amri ile. Lakini vyombo hivyo vilikuwa chini ya wizara yake, na mapema mwaka 1977 alijiuzulu. Wako waliodhani safari yake imekwisha. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alipofariki tarehe 29 Februari 2024, kujiuzulu kule kulikuwa miongoni mwa mambo aliyosifiwa kwayo. Kuachia kiti hakukumpunguzia hadhi.

Watoto wetu wajifunze hapo neno gumu la kusema: hili limetokea katika zamu yangu. Monita darasa likichafuka asianze kutaja majina ya wenzake. Aanze na zamu yake.

8. MILANGO YA KUULIZIA

Watu wengi hunung'unika kwa sababu hawaijui milango. Tunaitaja kwa ufupi.

(a) Mkutano Mkuu wa Kijiji. Huu ni mkutano wa wakazi wote wa kijiji waliotimiza miaka 18, na unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Mzazi asiyehudhuria amejifungia mlango mwenyewe.

(b) Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ametajwa katika ibara ya 143 ya Katiba. Hukagua hesabu za Serikali na za halmashauri kila mwaka, na ripoti zake hupelekwa Bungeni, ambapo kila mwananchi anaweza kuzifuatilia.

(c) Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Kwa sheria ya mwaka 1995, viongozi wa umma wanatakiwa kutamka mali na madeni yao. Jambo hili si geni kwetu, kwani imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa akiandika mali za magavana wake alipowateua.

(d) Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, TAKUKURU. Inafanya kazi kwa sheria Na. 11 ya mwaka 2007, ambayo inamtia hatiani mtoaji rushwa pamoja na mpokeaji. Vivyo hivyo katika hadithi, wote wawili wamelaaniwa.

Tahadhari: anayeuliza naye ana adabu zake. Aulize kwa ushahidi, aulize mahali panapostahiki, na asizushe. Suratul-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Uzushi nao ni khiyana ya amana, kwa sababu heshima ya mtu ni amana pia.

9. NA MWANAFUNZI AFANYE NINI?

Usiseme kwamba wewe ni mdogo. Afisa wa kesho amekaa leo juu ya mkeka wa madrasa. Anza na haya:

- Ukitumwa dukani, rudisha chenji yote kabla hujaulizwa.
- Ukishika mchango wa darasa, andika jina, tarehe na kiasi mbele ya aliyetoa. Usiuweke katika mfuko mmoja na fedha zako.
- Usinakili katika mtihani. Cheti cha uongo ni mlango wa ajira ya uongo, na mshahara wake una shaka mpaka mwisho.
- Vitabu, mikeka, ndoo na taa za madrasa ni za wenzako na za watakaokuja baada yako. Vitunze kuliko vyako.
- Ukiona mkubwa anakosea katika amana, usimtukane wala usimsengenye. Mwambie mzazi au mwalimu unayemwamini.

Nasi walimu tunaanza na nafsi zetu. Daftari la mapato na matumizi ya madrasa liko wazi kwa mzazi yeyote, na mwanafunzi anayetaka kulisoma aje na mzazi wake. Anayeona kosa ndani yake atuambie, naye atakuwa ametufanyia hisani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini toba ya aliyeiba mali ya umma ni ngumu kuliko ya aliyemwibia mtu mmoja?
2. Eleza swali aliloliuliza Mtume (S.A.W.) juu ya zawadi za mkusanya zaka. Toa mfano wa zawadi kama hiyo katika mazingira yako.
3. Magogo yalipita mikononi mwa watu wangapi kutoka msituni mpaka melini? Waorodheshe, kisha ueleze kila mmoja alikuwa na amana gani.
4. Kisiki kilichotiwa alama kinafanana vipi na aya ya 282 ya Suratul-Baqarah?
5. Mjomba wako ni mhazini wa kijiji na fedha za kisima hazijulikani zilipo. Ungemuuliza vipi bila ya kumvunjia heshima? Jadilini na wazazi nyumbani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie kuwa wenye kuzitunza amana na kuzirudisha kwa wenyewe, awape viongozi wetu hofu ya kuulizwa, nasi atuondolee muhali usiokuwa na haki. Amrehemu mwenzetu yule na amlipe mjane wake kheri zaidi ya alichokitoa. Amin.

Wabillahi tawfiq.